Mzizi Kwenye Chupa ya Pombe: Maswali ya Wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na mchanganyiko uleule: kitu cha kuchimba, kuchuma au kusaga, kisha pombe juu yake. Tumezifupisha barua tano na kuzijibu hapa. Majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Naendesha boda boda hapa Pangani. Natafuna muguka kuanzia alasiri ili nisisinzie barabarani. Nikishapaki usiku nanunua kwota moja ya kukata stimu, la sivyo silali hadi kuche. Siku hizi nikilala chali nasikia moyo unadunda hadi masikioni. Ni muguka au ni pombe? – *Boda wa Pangani*

JIBU: Ni vyote viwili, ndugu yetu, na tatizo ni kwamba kila kimoja kinamfichia mwenzake siri.

Jani bichi la muguka, sawa na miraa, lina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha mwili. Huongeza mapigo ya moyo, hupandisha presha na kubana mishipa ya damu, ikiwemo ile midogo inayoulisha moyo wenyewe. Jani likianza kunyauka, kathinoni hupungua na kubaki kathini, ambayo ni dhaifu zaidi lakini hukaa mwilini muda mrefu. (Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo sababu yale magari ya kutoka Meru hukimbia vile yanavyokimbia.) Mwili huondoa nusu ya kathinoni kwa muda usiofika saa mbili. Nusu ya kathini huchukua kama saa tano. Ukitema tonge la mwisho saa nne usiku, saa tisa usiku bado nusu ya kathini iko kwenye damu.

Sasa hilo neno "kukata stimu" ndilo linalowaponza wengi. Pombe haikati chochote. Haiitoi kathinoni kwenye damu wala haiizuii kuusukuma moyo. Inachofanya ni kulegeza ubongo, usisikie tena handas, yaani ule mchangamko wa muguka. Moyo, ambao hauulizwi, unaendelea kupiga mbio huku pombe nayo ikiuongezea mapigo na kuukausha mwili maji. Wewe tayari ulikuwa mkavu, maana muguka hukausha mdomo na kuua njaa, na wengi hutafuna kutwa nzima kwa njugu na soda tu.

Upande wa pili ni hatari vilevile. Mlevi wa kawaida ana breki: ulimi unakuwa mzito, macho yanafumba, wenzake wanamwambia twende nyumbani. Aliyetafuna hana breki hiyo. Yuko macho, anaongea vizuri, anajiona mzima, anaongeza nyingine. Lakini mkono unaoshika breki ya pikipiki umechelewa kama wa mlevi yeyote. Alcoblow, kile kipimo cha polisi cha kupuliza, haijali umetafuna nini.

Piga hesabu mwenyewe. Gramu za pombe hupatikana kwa kuzidisha mililita, asilimia na 0.79. Kwota ya mililita 250 yenye asilimia 40 ni 250 × 0.40 × 0.79, yaani gramu 79. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwota hiyo basi inahitaji saa 8 hadi 11. Ukiimaliza saa tano usiku na kupiga stata saa kumi na moja alfajiri, unabeba abiria ukiwa bado na pombe. Na usingizi unaoununua ni wa nusu usiku: pombe hulaza haraka, kisha huuvunja usingizi sehemu ya pili. Asubuhi umechoka, unatafuna mapema zaidi. Gurudumu limezunguka.

Cha kufanya: anza na kuacha kwota, kwa kuwa ndiyo inayozungusha gurudumu. Kisha rudisha saa ya kuacha kutafuna. Anayetaka kulala saa tano usiku ateme la mwisho kabla ya saa kumi jioni, ale chakula cha kweli, anywe maji. Siku tatu nne za kwanza usingizi utakuwa mbaya na utakuwa mkali kwa watu, hiyo hupita. Mapigo hayo ya kulala chali yapimwe: presha na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, katika kliniki yoyote yenye mashine. Lakini ukisikia kifua kubanwa kama kimekaliwa, maumivu yakipanda taya au mkono wa kushoto, jasho baridi au kuzirai, usisubiri kuche. Nenda hospitali na useme wazi vyote viwili ulivyotumia. Daktari hakuandikii faini. Anahitaji kujua ili asikupe dawa isiyofaa.

SWALI: Kwenye baa huuzwa kinywaji kinaitwa dawa, na nyumbani mama hupika dawa ya tangawizi. Ni kitu kimoja? – *Dada wa South B*

JIBU: Jina tu. Ya baa ni vodka, ndimu, asali na barafu. Ndimu haipunguzi hata gramu moja ya pombe iliyomo. Ya mama ni chai. Kiasi cha tangawizi kinachoingia kwenye sufuria hakina ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya kila siku, ndiye wa kuangalia: tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, hasa vile vidonge vilivyokolezwa, vikiongezwa pombe huweza kumfanya avuje damu tumboni. Kinyesi cheusi cha kunata kama lami ni damu. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mume wangu ana presha na anameza amlodipini. Amenunua mizizi kule Gikomba, ameiloweka kwenye mzinga wa pombe kali, na kila jioni anakunywa glasi moja, anasema ni dawa ya mgongo na ya nguvu. Muuzaji alimwongezea unga wa kutia juu. Mzinga ukipungua anaujaza tena. Ananiambia hata wazee walifanya hivyo. – *Mama wa Githurai*

JIBU: Mama, wazee wengi walichemsha kwa maji, na hapo ndipo pa kuanzia.

Maji ya moto hutoa kwenye mzizi vitu fulani na kuviacha vingine. Pombe ya asilimia 40 hutoa vile vya maji pamoja na utomvu, mafuta na alkaloidi, zile kemikali kali za mmea, ambazo maji hayazifikii vizuri. Mzizi uleule, kikombe kilekile, dawa tofauti. Mtu aliyezoea kikombe kizima cha mzizi uliochemshwa hawezi kuhamisha kipimo hicho kwenye mzinga.

Kulowesha dawa kwenye pombe ni kazi ya kitaalamu yenye vipimo. Mmea hutambuliwa kwanza. Hupimwa kwa mizani, kwa mfano gramu 100 za mmea mkavu kwa mililita 500. Hukaa giza kama wiki mbili, huchujwa, na mizizi hutupwa. Kisha hunywewa kwa kijiko kidogo, mililita 2 hadi 5, ndani ya maji. Linganisha na mzinga wa baba. Hakuna mizani. Mizizi haitolewi, kwa hiyo glasi ya wiki ya nne si ya wiki ya kwanza. Akijaza tena, hakuna anayejua kilichobaki. Na glasi ya mililita 100 ni vijiko 20 vya mililita 5 kwa mkupuo mmoja. Hata tukiusahau mzizi, glasi hiyo ina gramu 32 za pombe. Kijiko kingekuwa na gramu 1.6. Pombe ya kila siku kwa kiasi hicho hupandisha presha ileile anayoimezea amlodipini.

Halafu kuna ini. Kuna mimea ambayo haina sumu hadi ini liiguse: vimeng'enya vya ini hujaribu kuvunja kemikali na badala yake huzalisha kitu kikali zaidi. Ini lenye afya hukizima kwa akiba yake ya glutathioni, kemikali yake ya kujikinga. Pombe ya kila siku hupunguza akiba hiyo, na wakati huohuo huongeza kasi ya baadhi ya vimeng'enya vinavyozalisha sumu. Kwa hiyo mzizi ambao jirani alikunywa bila shida unaweza kumuumiza yeye. Dalili hazitokei usiku ule. Huja baada ya wiki: uchovu, kukosa hamu ya chakula, kuwashwa mwili, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, macho ya manjano. Akiona mojawapo ya hizi tatu za mwisho, mzinga usimame palepale na apimwe ini. Asimeze Panadol za kutuliza uchovu huo kabla ya kuonana na daktari.

Lakini kinachotutia wasiwasi zaidi ni ule unga. Muulize unafanya kazi baada ya muda gani. Akikuambia nusu saa hadi saa moja, na kwamba unamletea kichwa kuuma, uso kupata joto, pua kuziba, au kuona vitu kwa rangi ya samawati, basi huo ni mwenendo wa sildenafili, dawa ya dukani iliyosagwa. Unga na vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume vimenaswa mara nyingi duniani vikiwa na sildenafili isiyoandikwa popote. Sildenafili na amlodipini hufungua mishipa, na pombe, ingawa ikinywewa kila siku hupandisha presha, kwa saa chache baada ya glasi nayo huifungua. Pamoja huweza kuishusha presha hadi mtu akaanguka anapoinuka kwenda chooni. Na kama ana vidonge vya kifua vya kuweka chini ya ulimi, yaani naitreti, mchanganyiko huo huua. Akipata maumivu ya kifua baada ya unga huo, asiweke kidonge hicho chini ya ulimi. Apelekwe hospitali na mseme kuhusu unga.

Jambo la mwisho: hiyo pombe kali ilitoka wapi? Kama ni ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, mizizi imemfunikia ladha ambayo pengine ingemshtua. Pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 mitaa ya Mukuru Novemba 2000, na tangu hapo imeua kwingine tena na tena. Kile kipimo cha kuwasha kifuniko na kuangalia kama moto ni wa buluu hakisaidii kitu. Methanoli pia huwaka buluu hafifu. Methanoli hujificha: mtu hulewa kidogo, analala, kisha baada ya saa 12 hadi 24 ndipo tumbo linauma, pumzi inakuwa nzito na macho yanaona ukungu. Wenzake husema ni hangova. Hangova haileti ukungu machoni. Huyo ni wa hospitali kubwa yenye mashine ya kusafisha damu, na kila saa ina maana, maana kinachoharibu mshipa wa fahamu wa jicho ni asidi inayozidi kutengenezwa mwilini.

Mama, usimwage mzinga kwa hasira. Mwambie auache, kisha peleka mzizi mmoja na kijiko cha unga kwa mfamasia aliyesajiliwa au kliniki yake ya presha. Mgongo nao upimwe; una sababu zake.

SWALI: Nina umri wa miaka 61, nina sukari. Natumia metformini na glibenklamidi, na asubuhi nakunywa mwarobaini na juisi ya lile tunda chungu la karela. Jumamosi hunywa muratina na rika langu. Juzi nilitetemeka na kuongea ovyo, wakacheka kwamba nimelewa vikombe viwili. – *Mzee wa Kangemi*

JIBU: Mzee wetu, tunadhani hukulewa. Sukari ilishuka.

Hesabu vitu vinavyoishusha: glibenklamidi, ambayo huendelea kufanya kazi hadi siku nzima, mwarobaini, karela, kisha pombe. Pombe ina hila yake. Usipokula, ini ndilo hutengeneza sukari ya kukubeba hadi mlo ujao. Likiwa na pombe ya kushughulikia, kazi hiyo linaiacha. Muratina huongeza mtego wa pili: imetokana na asali au miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mwegea lililokaushwa, kwa hiyo bado ina utamu. Kipimo cha mara moja baada ya kunywa kinaweza kuwa juu na ukaridhika. Kushuka huja baadaye, usiku wa manane au hata kesho yake asubuhi.

Na dalili zake ni zilezile za mlevi: kutetemeka, ukali, kuyumba, maneno kuvurugika. Tofauti ni jasho baridi na njaa ya ghafla, lakini usiwategemee rika lako kuziona wakiwa wamekunywa. Waambie kabla: "Mkiniona hivi, nipimeni." Sukari ya damu ikiwa chini ya 4.0 (mmol/L), nywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda isiyo ya dayeti. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado, rudia. Ikipanda, kula ugali au mkate, maana sukari ya soda huisha haraka. Ukiwa huna fahamu, wasikumiminie kitu mdomoni, utapaliwa. Wakulaze ubavu na wakupeleke hospitali.

Kwa metformini kuna hatari nyingine, adimu lakini kubwa: kunywa sana bila kula huweza kulimbikiza asidi kwenye damu. Kutapika, tumbo kuuma na pumzi ya haraka ni dalili zake.

Tungekushauri uache mwarobaini na karela kwanza, usizibadilishe tembe mwenyewe, na umwambie daktari ulivyokuwa ukichanganya. Huenda kipimo cha glibenklamidi kilipangwa bila kujua hayo. Jumamosi kama huwezi kuwakosa wenzako, kikombe kimoja baada ya mlo, si kabla, na upime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 6, kula kitu.

SWALI: Nimeuziwa unga wa mitishamba wa kumwachisha mume pombe. Niliambiwa nimtilie kwenye supu bila kujua, na atachukia pombe mwenyewe. Anakunywa kila siku, mikono humtetemeka asubuhi hadi apate ya kutoa loki, yaani pombe ya kumtuliza. Nimemtilia mara mbili. – *Mke wa Kayole*

JIBU: Dada, acha leo. Tunajua umefika mwisho wa uvumilivu, lakini unga huo una njia mbili za kumdhuru, na ya pili hutokea hata ukifanya kazi ulivyoahidiwa.

Unga wa namna hii huwa wa aina mbili. Kuna mimea ya kutapisha na kuharisha, kama utomvu mchungu wa mshubiri. Mtu aliyelewa akitapika kwa nguvu anaweza kuchanika umio na kutoa damu, au kupaliwa na matapishi. Na kuna uwezekano wa dawa ya kizungu iliyosagwa: disulfiramu. Hii huzuia mwili kumalizia kuvunja pombe, na sumu ya katikati, asetaldehidi, hulimbikizana. Ndani ya dakika chache uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, anatapika, presha inaanguka. Madaktari huitoa kwa mtu aliyekubali, aliyekaa bila pombe angalau saa 12, aliyepimwa moyo na ini, na aliyeonywa kwamba hata dawa ya kikohozi yenye pombe itaiamsha hali hiyo. Athari yake huweza kubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Wako hajui lolote kati ya hayo. Kama unga ni huo, kwa wiki mbili zijazo yuko hatarini kila akinywa, na ni lazima aambiwe, hata kama mtagombana.

Njia ya pili: mikono inayotetemeka hadi "atoe loki" ni mwili uliokwisha kuzoea pombe. Mtu wa namna hiyo akisimama ghafla, kwa unga, kwa kiapo au kwa kufungiwa ndani, saa 6 hadi 24 za kwanza hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi. Degedege huweza kumjia kati ya saa 6 na 48. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu na watu wasiokuwepo, homa hupanda, na baadhi hufa. Familia nyingi hapo hudhani amerogwa, au kwamba dawa "inapigana na pepo wa pombe", na humwongezea kijiko.

Kwa hiyo kuacha kwake kusimamiwe. Hospitali humpa dawa za kuzuia degedege zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na sindano za vitamini B1, ambazo kwa mnywaji aliyedhoofika hutangulia dripu ya glukosi. Ikikosekana ubongo unaweza kuumia. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe ambazo hazimfanyi augue. Ukitaka kuuliza kwanza bila jina, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192.

Unga uliobaki usiutupe. Ufunge kwenye karatasi, andika siku na saa ulizomtilia na ni vijiko vingapi, na ubebe siku ya kwenda naye hospitali. Akizidiwa kabla ya siku hiyo, mlaze ubavu, usimpe maziwa wala kahawa, usimtapishe, na karatasi hiyo itangulie mkononi mwa muuguzi.